Kuingia Ngomeni kwa Viatu

Kijijini kwetu, chini ya ngome, mtu akifika langoni huvua viatu. Watalii hupita na vyao na hakuna anayewakataza. Sisi huvua kwa sababu wazee wetu walioletwa utumwani kuijenga ngome ile walipanda kilima peku, mawe kichwani, na wengi hawakushuka. Mama alitufundisha hivyo tukiwa wadogo, mimi na dada yangu Verena, na hata mvua inyeshe tulivua.

Verena alikaa Uingereza miaka mingi. Aliporudi kisiwani kwetu Dominika kututembelea, nilimkuta amezeeka kuliko nilivyotarajia, na kisukari kimemla. Walishamkata kidole kimoja cha mguu wa kushoto, na ule wa kulia hausikii kitu hata akikanyaga moto. Daktari amemkataza kutembea peku hata chumbani, maana kidonda kidogo tu kinaweza kuondoka na mguu mzima. Haya alinieleza mwenyewe jikoni, huku akinisaidia kumenya shelisheli. Kisha akasema, kana kwamba ni habari nyingine kabisa, kuwa kabla hajaondoka atapanda ngomeni, na ataingia kama watu wetu wanavyoingia.

Sikubishana naye. Nilidhani njiani nitapata la kusema.

Gervais, mtoto wa marehemu kaka yetu, alitupeleka kwa gari lake. Akawa anamtania Verena, anamuuliza kamera yake iko wapi, na kama akate tiketi ya mtalii au ya mwenyeji. Verena akamjibu kuwa hata baba yake Gervais, yeye ndiye aliyemwogesha kwenye beseni, akilia uchi, kwa hiyo achunge mdomo. Tukacheka wote. Lakini baadaye nilimwona amegeuzia uso dirishani, nikajua lile neno mtalii limemchoma.

Langoni alikaa kwenye benchi la mawe, akaanza kufungua kamba za viatu. Mimi nilikuwa naitazama njia. Changarawe tupu, na hapa na pale kipande cha chupa.

"Dada, ukiumia hutajua," nikamwambia.

"Najua kwamba sitajua. Na wewe usinifanye mgonjwa mbele za watu."

Gervais akaacha mzaha. Akachutama mbele yake, akampa mgongo. "Panda, shangazi. Vua viatu vyako, mimi nikubebe. Miguu haitagusa chini."

Nilifurahi, nikaona tumepona. Verena aliutazama ule mgongo kwa muda, kisha akampigapiga begani.

"Ahsante, mwanangu. Lakini waliobebwa kuingia humu walikuwa wake za maofisa. Na wabebaji tulikuwa sisi."

Gervais akainuka, akajipangusa magoti.

Filomena, jirani yangu anayeuza tiketi pale, alikuwa amesikia yote. Naye hushinda peku kazini kutwa nzima. Alitoka na kikombe cha maji ya nazi, akampa Verena, akaketi naye. Hakumhimiza wala kumwonya. Alimwuliza habari za wanawe, akamkumbusha jinsi mama yetu alivyokuwa akiwagawia watoto wa jirani mikate ya kukaanga Jumapili. Viatu vyenyewe vilikuwa pale chini, vyeusi, vizito, vile vya kuagizwa na daktari. Kikombe kilipokwisha, Filomena akauliza polepole:

"Dada Verena, wale wazee wetu, siku ile wanapanda na mawe, mtu angewapa viatu, wangekataa?"

Verena aliokota kiatu kimoja, akakigeuzageuza. Nami nilibaki na swali hilohilo. Miaka yote nimevua viatu nikiyafikiria maumivu yao, na sikuwahi kufikiria wao walitamani nini.

"Wangevaa," alisema mwishowe. "Wangevaa, na wangetaka watoto wao wavae."

Akaninyooshea mguu. Nilipiga magoti nikamvisha, nikamfunga kamba, si kwa kukaza sana.

Tukaingia, Verena na viatu, mimi na Gervais peku. Wanawake wawili wa kijijini walikuwa wanashuka na mizigo ya majani ya mbuzi, macho yao yakaenda moja kwa moja miguuni pa dada yangu. Filomena akawaita kwa majina kutoka langoni, akawauliza habari za mbuzi, kisha za watoto, kisha za mbuzi tena, mpaka tukawa tumepita.

Njia ilipoanza kupanda jua lilikuwa kali. Verena alitembea taratibu, mkono ukutani, akiyagusa mawe yale moja moja.

"Chini kuna moto, Titine?" akaniuliza.

"Kidogo tu."

"Usinidanganye."

Akanishika kiwiko, akanisogeza pembeni penye kivuli, mahali nyasi zimeota, na yeye akashika katikati ya njia, juani.