Ndoo Nzima ya Bibi Rayna

Bi Milka Ganeva alikuwa na kazi ambayo marehemu mumewe aliondoka duniani bila kuielewa: kugonga milango ya vijana ambao hawasomi, hawafanyi kazi, na ukiwauliza wanataka nini maishani wanakukodolea macho tu. Ofisi ya ajira ya Lom, mji mdogo wa Bulgaria, ilimlipa kwa kugonga milango. Kwa kuwapenda haikumlipa, lakini aliwapenda hivyo hivyo, huku akiwagombeza.

Aliyemtoa jasho kuliko wote ni Zlatin. Miaka ishirini, mrefu, mpole, hana neno na mtu. Kiwandani alikaa wiki mbili akaacha. Akaenda kujifunza kazi za hoteli, akaacha. Siku moja Bi Milka akaona jikoni kwao bomba lililotengenezwa vizuri, akauliza fundi ni nani, akaambiwa ni Zlatin. Siku hiyo hiyo akaenda kumtafutia nafasi chuoni, kwenye kozi ya mafundi bomba. Mara mbili kijana aliitwa kutia sahihi, mara mbili hakutokea. Barua ya tatu haikuwa na mzaha: Jumanne, saa nne asubuhi. Asipofika, nafasi anapewa mwingine.

Ndiyo maana Jumanne hiyo saa tatu na robo Bi Milka alikuwa amesimama chini ya ghorofa la kina Zlatin, baridi ya Februari ikimng'ata masikio. Aliapa kwamba safari hii atamshika mkono mpaka mezani pa kutia sahihi.

Kijana akatoka, amenyoa ndevu, suruali imepigwa pasi. Bi Milka alitamani kumkumbatia. Akasema, "Umechelewa dakika tano."

"Shikamoo kwanza, Bi Milka."

"Marahaba. Twende."

Sasa, kwetu mtu akienda kwenye mtihani au kuanza kazi, anayempenda humwaga maji kizingitini ili apite juu yake, na mambo yamtiririkie kama hayo maji. Kikombe kimoja kinatosha. Bibi Rayna, aliyemlea Zlatin, alikuwa ameshamwaga kikombe mara mbili, na mara zote mbili mjukuu akarudi mikono mitupu. Bibi akalifikiria jambo hilo, akaona kosa ni la kikombe. Na kwa kuwa magoti hayakumruhusu tena kushuka ngazi, akasimama kwenye roshani ya ghorofa ya pili na ndoo.

"Mambo yakutiririkie, mjukuu wangu!"

Pwaa!

Ndoo nzima. Alikilenga kizingiti, akampata Zlatin, kuanzia utosini mpaka kwenye soksi.

"Yamempata?" Bibi Rayna akauliza kutoka juu, maana macho nayo yalikuwa na matatizo yake.

"Yamempata sana, Bibi!" Bi Milka akajibu, akikung'uta mkono wa koti.

Madirisha yakafunguka. Mtu akacheka. Zlatin akayatazama yale madirisha moja moja, akageuka, akarudi ndani. Bi Milka akamfuata mbio, akamkuta amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, anatetemeka.

"Inuka ukabadilishe nguo."

"Suruali ya maana ni hii hii moja. Na siendi. Kanifute kwenye orodha."

"Kwa ajili ya maji tu?"

"Ndiyo, kwa ajili ya maji!" Sauti yake ikapanda, yeye ambaye hata kukohoa hukohoa kwa adabu. "Mara zile mbili nilifika, Bi Milka. Nilifika mpaka mlangoni pa chuo, nikashika kitasa. Nikajiuliza, na hii nayo ikinishinda? Bibi akishamwaga maji, ghorofa zima linajua Zlatin anakwenda. Baada ya wiki mbili ghorofa zima linamwona Zlatin karudi. Halafu Mzee Slavcho wa mlango huu ananikuta kwenye ngazi, 'Vipi, fundi?' Bora nisiende kabisa. Asiyeenda harudi."

Bi Milka alikuwa na vijitabu vya ushauri begi zima, na hakuna hata kimoja kilichosema lolote juu ya jambo hilo. Akatazama saa. Tatu na nusu. Moyo ukamuuma, si kwa hasira tena, bali kwa huruma. Kumbe mtoto wa watu alikuwa anafika.

Mlango wa nyuma yao ukafunguka. Mzee Slavcho, dereva wa treni mstaafu, mwenye ulimi mrefu kuliko reli alizozipita, alisimama na nguo za kulalia, mkononi ameshika suruali.

"Nimesikia jina langu," akasema. "Kuta zenyewe ni za karatasi. Haya, vaa."

"Mzee, mimi..."

"Vaa, nimesema! Bomba la bafuni kwangu linavuja tangu Krismasi. Nikikuuliza 'vipi, fundi', nataka uniulize shida yangu ni nini, maana mimi kuomba naona haya. Wewe ukadhani nakucheka?"

"Unamcheka kila mtu, Mzee."

"Nawacheka wengine. Wewe nilikuwa nakungoja."

Hapo mlango wa pili nao ukafunguka, jirani mwingine, Bi Vesela, akatoa mkono tu, wenye soksi za sufu na kipande cha banitsa, andazi la jibini, ndani ya karatasi. "Ale njiani," mkono ukasema, ukarudi ndani.

Suruali ya Mzee Slavcho ingewatosha Zlatin wawili. Wakaifunga kwa kamba. Walipotoka nje, Bibi Rayna alikuwa bado kwenye roshani, analia. "Nimemharibia mtoto safari! Mimi na uzee wangu!"

"Hujaniharibia, Bibi," Zlatin akamwambia. "Ila siku nyingine kikombe, eti?"

Mzee Slavcho akainama kizingitini, akamwaga glasi moja ndogo, taratibu. Zlatin akayaruka maji, na yeye na Bi Milka wakakimbia.

Saa nne kasoro dakika sita walikuwa mlangoni pa chuo. Zlatin akashika kitasa, akasimama. Bi Milka naye akasimama nyuma yake. Aliapa atamshika mkono mpaka mezani, lakini mkono wake haukuinuka. Aliona kwamba akimsukuma hapa, kesho hatakuwepo wa kumsukuma. Nywele za kijana zilikuwa bado zinachuruzika. Kasoro tano. Kasoro nne.

"Bi Milka."

"Sema."

"Nikirudi sasa, Mzee Slavcho nitamwambia nini? Shika suruali yako, haikufika popote?"

"Hilo utalijibu wewe."

Zlatin akavuta pumzi. Akaachia kitasa, na Bi Milka akadhani anageuka kurudi.

"Basi nifungulie wewe," kijana akasema. "Kamba imekatika. Mkono huu nikiuondoa kiunoni, nitaingia uchi, na huu mwingine una banitsa."

Bi Milka akaipokea banitsa, akamfungulia, anacheka na machozi yanamtoka. Zlatin akaingia, ameishika suruali ya watu kwa ngumi, akaenda moja kwa moja mpaka mezani, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.