Vyoo vya Wageni wa Ngome

Zahara alikuwa akikamua godoro lililoloa mvua pale Jasper alipobisha hodi. Jasper alikuwa msanifu majengo, ametumwa na mradi wa utalii kuchora mapokezi mapya ya wageni katika ngome kongwe, kilimani nyuma ya maduka ya Nakivubo. Kibanda cha Zahara kiliegemea ukuta wa ngome hiyo. Babu wa babu yake, mchuuzi kutoka pwani, ndiye aliyekabidhiwa funguo. Tangu hapo ukoo ule ukafagia makaburi ya ndani bila mshahara.

"Mama, hapa unapajua kutushinda," Jasper alisema. "Nisaidie."

Akamsaidia. Wiki nzima alimtembeza, goti likimuuma: wageni huchokea wapi, kivuli hutua wapi mchana, maji ya mvua hushukia wapi. Aliteleka chai kwa makaa ya mwisho. Hakuna aliyewahi kuyaandika maneno yake. Huyu aliandika.

"Na maji safi?"

"Hapa kwangu tu, mwanangu. Kuna bomba la zamani chini ya sakafu. Halijakauka hata siku moja."

Jasper akachora duara.

Baada ya miezi minne ikaja barua ya kumwamuru ahame. Zahara akaipeleka kwa Helen, mkuu wa mradi.

"Vyoo vinakaa penye bomba," Helen alisema. "Mchoro umeshapitishwa."

"Na mimi?"

"Una hati ya kiwanja?"

"Sisi tulikuwapo kabla ya hati."

Helen akatabasamu. "Hiyo ni historia, mama. Sisi tunashughulikia urithi."

Jasper hakupokea simu. Aliyekuja ni Ojera, askari polisi, na vijana wenye nyundo.

"Vitu yako toa nje, mama. Mimi natumwa tu."

Ngome ilipofunguliwa, Zahara aliajiriwa kupiga deki vyooni. Pale alipomzaa Firdaus, bintiye, palipangwa masinki sita meupe.

Jumamosi moja mtembezaji aliwakusanya watalii mlangoni, akawasomea ubao wa shaba: "Ukoo uliolinda ngome hii ulitoweka zamani. Hakuna aliyebaki."

Mzee mmoja wa kizungu akatikisa kichwa kwa huzuni.

Zahara, ndoo mkononi, akafungua mdomo.

"Nyabo," mtembezaji akamwambia, kama aitwavyo mama yeyote asiyejulikana jina, "sogea kidogo. Wageni wanapiga picha."

Akasogea.