Mtarakwa wa Jiweni

Niliunusa kabla sijauona. Rafiki yangu Talha alikuwa amesimamisha kirikuu, kigari chake cha mizigo, juu ya kilima, njia ya kwenda Wasso, injini ipoe, mara upepo ukaniletea harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Nikamwambia kuna mtarakwa karibu. Akanijibu kwamba mitarakwa imejaa huku kote, watu wanaikata nguzo za uzio. Sikumngoja amalize. Nilikuwa nimeshaanza kupanda mawe.

Mimi, Mmbulu wa Karatu, na Talha tunakuza bonsai nyuma ya duka la baba yake, pale mjini. Ni miti mizee iliyobaki midogo. Tunaiweka kwenye vyungu vipana na kuipogoa mwaka hadi mwaka. Tulikuwa na mizeituni mwitu, tulikuwa na migunga. Mtarakwa hatukuwa nao, na mimi nilishatangaza mji mzima kwamba safari hii sirudi bila mtarakwa.

Na pale, juu ya jiwe, ulikuwepo. Haukunifika kiunoni, lakini shina lake lilikuwa nene kuliko paja langu, limejisokota kama nguo inayokamuliwa. Upande mmoja ulikufa zamani, mweupe kama mfupa. Upande wa pili, utepe mwembamba wa gome hai ulipanda hadi kileleni, kwenye majani mabichi yaliyotafunwa na mbuzi hadi yakabanana kama ngumi. Nilipiga ukelele Talha akaja mbio na mtaimbo, akidhani ni nyoka. Ubeti ukanitoka wenyewe:

*Mtarakwa wa jiweni, upepo umekushindwa,*
*Kwa mbuzi uko mezani, lakini hukumalizwa.*

Mtu akacheka nyuma yetu. Alikuwa msichana wa rika langu, kajifunga shuka, mbuzi wake wametapakaa mteremkoni. Jina lake Kakenya. Alisema kama tunataka kuusifu mti, tuwasifu na mbuzi wake, maana wao ndio wanaoukata nywele tangu mama yake alipokuwa mdogo. Kisha akatuonyesha alama nyekundu kwenye jiwe. Barabara inapanuliwa, kila kilicho ndani ya alama kinasagwa leo, na mashine hiyo inakuja.

Tuliisikia ikinguruma chini ya kona. Kakenya akampigia mwenyekiti wa kijiji, akanipa simu. Mwenyekiti alisema kilicho ndani ya alama tuchukue, ila tuwahi.

Tukaanza kuchimba. Udongo ulikuwa laini upande wa juu, umejaa mizizi myembamba kama nyuzi, na nikawa naimba huku nachimba. Halafu nikaufikia mzizi mkubwa. Ulitoka chini ya ule utepe wa gome hai ukaingia moja kwa moja kwenye ufa wa jiwe. Ukiukata huo, mti umekwisha, hata ukiutia kwenye chungu cha dhahabu. Ilibidi kuupanua ufa taratibu kwa mtaimbo, na taratibu ndicho kitu tulichokosa. Katapila lilikuwa limeshafika.

Dereva alikuwa mtu mzima mwenye kifua kipana, Ngoitiko, kavaa shuka juu ya ovaroli. Alitwambia tuondoke, kazi yake haingoji vijana wa maua. Damu ikanipanda. Nikamwambia aliyezoea kukalia chuma hawezi kujua chenye uhai. Uso wake ukabadilika. Aliinua kijiko cha mashine na kusogea. Talha akanivuta mkono. Mimi nikasimama mbele ya mti.

Kakenya akaja hadi sikioni kwangu. "Umemtukana mkubwa. Kwetu Wamasai mtu akishika nyasi kuomba radhi, hata fimbo iliyokwisha kuinuliwa inashuka. Ng'oa nyasi umwonyeshe."

"Mimi siombi mtu."

"Kumbe kuusifu unaweza. Kuinama kwa ajili yake ndiyo huwezi."

Vumbi la mashine lilikuwa limeshaanza kutua kwenye majani yale mabichi. Nikainama. Nilivuta fungu la nyasi kwa nguvu mno, likang'oka na mizizi na udongo wake, nikaliinua juu kwa mikono miwili.

Injini ikazimwa. Kimya kile kilinifanya nisikie mbuzi wakitafuna. Ngoitiko akashuka, akaziangalia nyasi, akaniangalia mimi.

"Nani kamfundisha Mmbulu huyu?"

Kakenya aligeuka ghafla kuhesabu mbuzi wake. Ngoitiko akacheka kifua kizima, akanigusa kichwani kama mtoto, akapanda tena. Alituamuru tushike shina. Kwa jino moja la kijiko aliligusa lile jiwe, akalisukuma kidogo, akatulia, akasukuma tena. Ufa ukafunguka kama mdomo wa mtu anayepiga miayo, na mzizi ukatoka mzima, mbichi, unanukia. Talha alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Tukaufunga kwa magunia yaliyolowa, nikalichomeka humo lile fungu langu la nyasi, tukaubeba kama mgonjwa. Tulipokuwa tunaupakia, mbuzi mmoja alinyoosha shingo akachukua tonge lake la mwisho.

Kule Karatu, mti ulikaa kivulini muda mrefu bila kuchipua. Kila asubuhi niliamka kuukagua kabla sijanawa uso. Mvua zilipoanza, nikaona matawini ncha za kijani kibichi zinachungulia, nikapiga ukelele majirani wakatoka nje.

Talha alikuja kuutazama. Aliinama juu ya chungu, akaona zile nyasi nilizopanda kando ya shina, akanyoosha vidole azing'oe. Alisema zinaiba maji. Nikaukamata mkono wake.

Nilimpigia Kakenya kumwambia mti umeshika. Alisikiliza mpaka nikamaliza kujisifu.

"Na nyasi?" akauliza.

"Nazo zimeshika."

"Basi mwambie Ngoitiko mwenyewe. Yuko hapa, bado anapanua barabara, na kila siku ananiuliza."