Mchanga Ulionyweshwa Chai

Niliota usiku wa jana kwamba nimefika karakanani ninakofanya mafunzo kwa vitendo, mahali tunapokereza vipuri vya magnesiamu, na mlinzi wa getini alikuwa glovu ya ngozi.

"Dada, umebeba maji?" iliuliza.

"Sikubeba."

"Mate je? Jasho?"

Nilikiri kwamba hivyo ninavyo. Kanuni inasema maji yasiikaribie magnesiamu inayowaka, na glovu ile haikuwa na mzaha. Ilinikamua taratibu kama nguo, ikaanika jasho langu kwenye kamba, kisha ikaniruhusu kupita. Niliona ni utaratibu mzuri.

Ndani, bonge la magnesiamu limeketi kwenye stuli, linanisubiri.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ukiniona hivi ni mpole, siwaki kwa urahisi. Lakini hao wajukuu zangu..." Lilielekeza chini ya mashine, ambako chenga zilizokerezwa zilikuwa zimerundikana, nyembamba kama kucha za mtoto mchanga. "Hao wana hasira za karibu. Na vumbi ndilo baya kuliko wote. Likipaa hewani, cheche moja inalitosha."

Fundi Lugano, anayenifundisha kukereza, hakulisikia. Alikuwa mashineni na kisu butu, na kisu kilisugua magnesiamu badala ya kuikata, kikipiga kelele: "Jamani, sijanolewa!"

"Fundi, kisu kinalia."

"Kinaimba, Injinia. Nyie wa chuo hamjui muziki."

Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, chenga ziliwaka.

Mwali ni mweupe kupita kiasi. "Msinitazame," unasema, na kila anayeutazama, macho yake yanashuka usoni na kujificha mfukoni. Ya Fundi yameshuka. Mimi nimetazama pembeni, nimebaki na yangu. Fundi anapapasa, anaikamata ndoo ya maji.

"Iweke chini!" nilipaza sauti. "Moto huo utayapasua maji, itoke humo gesi inayolipuka. Utaungua wewe, Fundi!"

"Tangu nizaliwe nazima moto kwa maji, leo uje wewe na madaftari yako?"

"Huu si moto wa mkaa."

"Haya, nipe kingine. Na ufanye haraka, maana ndoo inanivuta."

Kweli ilikuwa inamvuta. Ilikuwa imemshika kiganja, inampeleka kwenye mwali hatua kwa hatua, ikisema kwamba nia yake ni njema.

Nilikimbilia ndoo nyekundu ya mchanga, ile inayoning'inia ukutani kwa ajili ya moto. Mchanga ulikuwa unakohoa.

"Sifai," ulisema. "Nimenyweshwa chai. Kila wakimaliza chai ya saa nne wananimwagia masalia. Tangawizi imenifika kifuani."

Nilichungulia. Ulikuwa umelowa chepechepe, na juu yake kulikuwa na kipande cha chapati chenye alama ya meno. Kumwaga mchanga ule kungekuwa sawa na kumwaga maji.

Nafungua mlango wa stoo. Ni ukumbi wa mihadhara wa chuoni. Viti vyote vimekaliwa na chembe za mchanga, na mhadhiri ni mtungi wa gesi ya kabonidioksaidi, ule wa kuzimia moto.

"Hakuna moto nisiouzima," unafundisha.

"Samahani, Mwalimu. Magnesiamu huwaka hata ndani ya hewa yako."

Mtungi ulikaa chini. "Nilikuwa nashuku," ulisema.

"Nani hapa ni mkavu?" niliuliza.

Chembe zote zilinyoosha mikono. Nilizichota kwa koti langu la kazi, na nilipogeuka nilikuwa karakanani tena, mbele ya Fundi, ndoo yake imeanza kuinama. Niliisukuma kando kwa kiwiko.

"Mimina polepole," bonge lilinisihi. "Ukirusha kwa nguvu, wajukuu watatawanyika."

Nilimimina polepole. Mwali ulipiga miayo, ukafifia, ukafunikwa.

"Wamelala," bonge lilisema. "Msiwafunue mpaka wapoe."

Fundi alirudisha macho yake usoni, akaketi, akainywa ile ndoo yote ya maji. "Kiu tu ilikuwa imenishika, Injinia," alisema.

Niliamka kumekucha. Fundi Lugano huwasha mashine kabla sijafika, kwa hiyo nilimpigia simu kabla hata ya kunawa uso.

"Fundi, usiwashe mashine. Chungulia kwanza ndani ya ndoo nyekundu."

"Asubuhi yote hii? Hata salamu huna?"

"Shikamoo, Fundi. Chungulia."

Nilisikia viatu vyake vikiburuzika sakafuni, kisha vikasimama.

"Mchanga umelowa," alisema. "Na kuna kipande cha chapati."

"Kina alama ya meno?"

Nilisikia ndoo ikishushwa ukutani.

"Injinia, wewe uko wapi?"

"Hosteli, kitandani," nilijibu. "Umwage wote, Fundi. Mkavu nakuja nao mimi."