Ubao wa Pezi Moja Madhabahuni

Mume wangu Mwaniki aliuza ng'ombe wetu mtamba akanunua ubao. Si wa kujengea. Ni ule wa kusimamia ukiteleza juu ya mawimbi ya bahari, na sisi tunakaa Karurumo, katikati ya kahawa.

Ugonjwa huo aliutoa Watamu, pwani, alikofanya kazi hotelini. Ubao ni mrefu kuliko mimi, mzito, rangi ya ndizi iliyoiva, na chini una pezi moja tu. "Zile za mapezi matatu zinageuka haraka," aliniambia. "Huu, Mama Muriuki, huukimbizi. Unatulia, unaubembeleza. Ukiwa na haraka unakutupa." Basi kila jioni aliuweka juu ya magunia ya mahindi sebuleni, akausimamia bila viatu, macho amefunga. Watoto wanakunywa maziwa ya kununua na baba yao anabembeleza ubao!

Mimi nilikuwa naweka pesa za mayai, kidogo kidogo, ninunue mtamba mwingine. Lakini mtu aliyeuza wa kwanza atashindwa kuuza wa pili? Niliapa ubao utoke kwanza.

Jumapili ya mavuno ikafika. Kwetu watu hupeleka ndizi, kuku na maboga madhabahuni, kisha vinapigwa mnada. Kitu kikishafika pale ni cha Mungu. Ukikitaka, ukinunue kama wengine. Mwaniki ni shemasi, alitangulia kufungua kanisa. Nyuma yake nikawabebesha vijana wa kwaya ubao.

Alipouona umelala kati ya maboga, alibaki mdomo wazi. Shemasi atamnyang'anya Mungu? Niliimba kwa sauti kubwa siku hiyo.

Mzee Gachoki, mpiga mnada, aliuzunguka mara mbili akashindwa kujua anauza nini. Akamwita Mwaniki aeleze. Mwaniki hakuwa na kitu mfukoni, ila maneno alikuwa nayo. Alisema lile pezi moja linashika maji usiteleze kando. Alisema wimbi likikuinua kuna kimya fulani, na kwa muda huo mdogo hudaiwi chochote na mtu yeyote. Nilikasirika, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanalowa na sikuwa nimeyaruhusu.

Kaari, mama mwenye kibanda cha chai sokoni, akataja bei. "Nitaufanya benchi ya wateja," alisema. "Hilo pezi nitalikata na msumeno, ukae sawa."

Watu wakacheka. Mwaniki hakucheka. Alitazama sakafu kama mtoto aliyechapwa mbele ya wenzake, na mimi, mjinga mkubwa, nikainua mkono.

Kaari akapandisha. Nikapandisha. Yule mama hakuwa na haja ya benchi tena, alikuwa anataka tu kuona nitafika wapi. Nilifika mwisho. Gachoki alipogonga meza, pesa za mayai zote zilikuwa zimeisha, na mtamba wa pili nilikuwa nimemuuza mimi mwenyewe, mbele ya washirika wote.

Tuliubeba hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Asubuhi nilimpikia chai ya strungi. Aliinywa yote bila kuuliza maziwa yako wapi. Angethubutu kuuliza!