Aliyejiandika Mdogo

Kodi nishalipa dada, mwenye nyumba shahidi! Hiyo ya pango, Senzighe, mimi nakuuliza ya so... Kodi ni kodi bwana, soko limenipangisha nini? Choo unaingia cha nani? Maji ya mafundi wako yanatoka kwa babu yako? Wanabwatukiana hivyo hivyo, Senzighe muuza makochi na dada yake Nakiete muuza uji, kila mmoja akimkata mwenzake kauli, na kisa chote ni neno moja. Gharama za soko zinagawanywa kwa ukubwa wa biashara, na Senzighe, ambaye makochi yake yamefurika mpaka barazani, alijiandika mdogo kwenye daftari la viongozi wa soko, akatoka ofisini kwao anacheka peke yake. Fungu lake likawaangukia wengine. La Nakiete limekua, halimudu tena. Akishindwa na safari hii, meza yake ya uji inaondolewa. Utajiju, Senzighe anamwambia, na dada anaondoka. Jua la saa saba linachoma, kochi jipya bado lina nailoni, Senzighe anajinyoosha na usingizi unamvuta mguu, unamvuta, mpaka yuko barabarani, na barabara haina mwisho kwa sababu nayo inatembea: watu wameibeba vichwani, kila mtu na kipande chake, na kando unapita mji wa vioo, na ndani ya kila kioo Senzighe amekaa kochini, miguu juu. Anamsogelea mtu asiye na uso. Kaka, huku mwenye nyumba nani? Anayefagia. Na mpangaji? Anayefagia. Mbona sikuelewi? Kwa sababu umekaa. Senzighe anateremka, miguu haifiki chini. Jamani, nimekuwaje? Si ulisema mdogo, bwana, sisi huku tunawaamini watu. Kipande chako kile kule. Na kule anakwenda Nakiete, kipande chake kichwani na kingine juu yake, shingo imezama mabegani, na mgongoni, kwenye mbeleko, kuna mtoto, na mtoto ana ndevu, na mtoto ni yeye. Dada nishushe, nipe changu! Sauti inatoka ya kichanga, na dada anambembeleza tu, nyamaza mdogo wangu, tunakaribia, na hawakaribii, vioo vinarudi vile vile, barabara inazunguka na kujikanyaga yenyewe, na Senzighe analilia shingo ile ile aliyokuwa akiing'ang'ania zamani, dada akimvusha mto kwenda shule.

Anaamka, nailoni imemganda shavuni. Au hajaamka: mlangoni amesimama mtu, jua liko nyuma yake, uso hauonekani. Senzighe anatazama miguu yake, hana hakika kama inafika chini. Anafungua mdomo aseme kwamba anakwenda kubadilisha sasa hivi, aandikwe mkubwa, chake akibebe mwenyewe, lakini Nakiete anamtangulia, taratibu, bila hasira, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: Mdogo wangu, uliwaambiaje wale? Nifundishe na mimi kuwa mdogo.