Mzee wa Kuazima

Profesa mmoja Mbelgiji, aliyezeekea hapa Kasulu, alipofariki aliiachia maktaba yetu makasha ya vitabu na picha za wachoraji wa Ulaya. Vitabu vilitushinda, vilikuwa vya Kifaransa na Kijerumani. Picha ndizo zilizogombewa. Mimi Kuruthumu, mtunza maktaba, nikaamua ziazimwe kama vitabu, maana picha ya kufungiwa kabatini ni chakula cha mchwa tu.

Reverien, fundi baiskeli aliyekimbia kwao Ruyigi, Burundi, mwaka sabini na mbili, akaazima picha kubwa iliyogundishwa kwenye ubao: mzee wa joho jeusi na kofia, amekaa, mikono magotini. Nilijua kinachomsumbua. Alimtaka Immakulata, naye Immakulata alimtaka, ila shangazi yake, Bi Epifania, alisema hatoi binti kwa mtu asiye na mzee wa kumsemea. Siku Bi Epifania alipokwenda kuitazama nyumba ya Reverien, nilifuatana naye. Umbea haujaniacha hata leo.

Epifania alitoka kwenye jua kali akaingia chumba chenye dirisha dogo kama kiganja. Kitini akaona mzee. Yeye ni Muha, na Muha hasalimii kwa haraka. Alikunja magoti, akapiga makofi taratibu, "Mwakeye," kisha akauliza habari za ng'ombe, za mvua, za watoto. Kimya. Akapiga makofi tena. Mimi nilikuwa nimeuma khanga nisicheke, na Reverien pale mlangoni anaomba ardhi ipasuke immeze.

Alipogundua ni picha alikasirika kwelikweli. Akauliza kwa nini anafanyiwa mzaha, mtu mzima kama yeye.

"Si mzaha, mama," Reverien akasema. "Baba hakuacha picha. Huyu anakaa kama alivyokuwa akikaa baba. Nilitaka uingie mahali penye mzee."

Epifania aliitazama tena ile picha. Halafu kicheko kikamtoka mpaka machozi, nami sikujua kama yote yalikuwa ya kicheko. Akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyemwazima mzee asiyejibu salamu. Basi mwazime na mdomo."

Jumamosi, siku ya posa, nikakaa upande wa muoaji, Mwislamu wa Ujiji peke yangu kati ya Wakatoliki, nimefurahi kama mwenye harusi. Upande wa binti wakauliza, kama ilivyo desturi, tumetoka kwa nani. Reverien akainamisha kichwa.

"Sisi," nikasema, "tumetoka Burundi, kwa watu wa Ruyigi."